Miguu ya Mama Mkwe

Siku ya kwanza mama mkwe wangu aliponiona, hakuuliza jina langu wala kazi yangu. Aliuliza kabila. Mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa mchumba tu, akajibu kwa sauti ya chini kwamba mimi ni Mngoni wa Songea. Mama akawageukia majirani na kupaza sauti: "Fungieni kuku! Mngoni kaingia Mandawa!"

Nilicheka mpaka mkoba ukaniponyoka. Wamwera na Wangoni ni watani tangu enzi za mababu, enzi ambazo babu zangu walikuwa wakifika huku kuteka watu na mali bila kubisha hodi. Vita vilikwisha, ukabaki utani, na utani huo ndio ulionipokea mlangoni kabla hata sijapewa maji ya kunywa.

Lakini mkwe ni mkwe. Mtani anaweza kukuvua kofia msibani akaondoka nayo na usimfanye kitu. Mkwe hata kiti anachokalia mama wa mumewe hakikalii. Mimi nilikuwa vyote viwili kwa mtu mmoja, na kwa miaka mingi sikuwa na hakika ni wakati gani nimtanie na ni wakati gani nipige magoti.

Nilikuwa nimepangiwa kazi Nachingwea katika miaka ya tisini, muuguzi mpya mwenye viatu vyeupe na hasira za karibu. Hasira ninazo mpaka leo. Viatu viliuawa na vumbi mwaka uleule.

Siku hiyohiyo ya kwanza, baada ya kula, mama akaniambia twende tukaone shamba la mikorosho, ni hapo tu. Msomaji ambaye hajawahi kuishi kusini namwonya: ukiambiwa "hapo tu" na mtu wa Mandawa, beba maji. Tulitembea mpaka kivuli changu kikahama upande. Mama alikuwa na mwendo wake wa pekee, hatua fupi fupi za haraka, mkono mmoja mgongoni, kandambili zikikwangua mchanga, na mdomo haukupumzika njia nzima. Mimi nilikuwa nyuma ulimi nje. Kila nilipomkaribia aliniuliza kama huko Songea watu hubebwa.

Basi hiyo ndiyo miguu ninayotaka kuisimulia.

Miaka ikapita, kumi na ushee. Nikaolewa, nikazaa, nikahamishwa wodi mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Mume wangu alikuwa akifundisha sekondari. Mama alibaki Mandawa peke yake na mikorosho yake, maana mume wake alikuwa ametangulia zamani. Masika moja akateleza mlangoni mwa jiko akiwa na chungu cha kisamvu. Chungu kilivunjika, kifundo cha mguu kikatenguka. Mguu ulipona. Chungu ndicho alichokililia zaidi.

Hapo ndipo shemeji alipoingia. Yeye ni kaka mkubwa wa mume wangu, mwenye duka la bati, saruji na misumari pale Nachingwea mjini. Nisimsingizie, alimpenda mama yake sana. Ila alimpenda kwa namna ya mtu mwenye duka: kila anachokithamini anataka kiwe ndani, na kufuli juu. Akamjengea mama chumba nyuma ya nyumba yake, sakafu ya saruji, feni darini, kitanda cha sita kwa sita. Kisha akatangaza kwamba mama anahamia mjini.

"Mie sihami," mama akasema. "Nikakae kitandani nihesabu bati?"

"Mama, umeanguka."

"Nikaamka pia. Hilo mbona husemi?"

Walibishana hivyo miezi kadhaa. Kwa Wamwera neno la mwisho juu ya mambo ya mama si la mtoto, hata awe na maduka kumi. Ni la mjomba, kaka wa huyo mama. Mjomba wetu alikuwa akiishi Likunja, mzee mkavu mwenye baiskeli iliyolia kiasi kwamba tulikuwa tunaweka chai jikoni kwa kuisikia tu. Alimsikiliza mama, akamsikiliza shemeji, akasema bado anafikiri. Mama hakulala vizuri tangu siku hiyo. Nyumba ile, kisima kile, mashoga zake wa kusukana nao nywele jioni, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye fikra za mtu mmoja wa Likunja.

Ndipo katikati ya miaka ya elfu mbili wakaja watafiti hospitalini kwetu. Walitaka kujua wazee wa vijijini wanatembea kiasi gani, na walikuja na vidude vidogo vya ukubwa wa kiberiti, vyenye kibanio cha kushikia nguo na kioo cha kuonyesha namba. Unakivaa kiunoni. Kila ukipiga hatua, ndani kuna kitu kinatikisika na namba inapanda. Wauguzi tuligawiwa vidude hivyo tukawavalishe wazee kwa wiki moja moja. Niliipenda kazi ile kuliko sindano. Wazee walinifurahisha mno. Mmoja alikuwa akikisalimia kila asubuhi. Mwingine aliniuliza kama kinahesabu na dhambi.

Shemeji alikuja kwangu kula Jumapili, akakiona mezani. Nikamweleza.

"Kwa hiyo hiki kinajua nani anatembea na nani anakaa?"

"Kinajua."

Akakigeuza geuza mkononi kama msumari anaoutilia shaka. "Basi mvalishe mama. Kama anatembea kama anavyosema, nitanyamaza. Kama hatembei, ahamie kwangu."

Mjomba alipopelekewa habari alifurahi kupita sisi sote, maana alikuwa amechoka kufikiri. "Kipimo hakina ndugu," akasema. "Kipimo kiamue." Na mama naye akakubali palepale. "Kileteni," akasema. "Miguu yangu haina siri."

Tukaenda Mandawa wote watatu, mimi, shemeji na mjomba. Mama alikaa kwenye jamvi, kaka yake kushoto, mwanawe kulia. Wazee wengine wote niliwafungia mwenyewe, kibanio juu ya mkanda au juu ya fundo la kanga, nakisimamisha wima, nawatembeza kidogo nione kama kinahesabu. Lakini kiuno cha mama mkwe! Mbele ya mwanawe na kaka yake! Mkono wangu haukuthubutu. Nilipiga magoti nikamkabidhi kwa mikono miwili, macho yangu yakiangalia jamvi.

"Kinakaa kiunoni, mama, toka unapoamka mpaka unapolala. Usikiloweshe. Ni mali ya hospitali hicho, kikiharibika nitaulizwa mimi."

"Nimeelewa, mwanangu," akasema. Akakipokea kwa bismillahi, akainuka, akaingia nacho ndani. Hakuna aliyemfuata kuangalia amekivaaje. Nani angemfuata?

Wiki ilipoisha, shemeji alikuwa na safari ya kufuata magunia ya korosho huko, akarudi nacho mwenyewe kwenye mfuko wa shati. Akakiweka juu ya meza yangu. Nikaangalia kioo. Namba iliyokuwepo ingemtosha mtu aliyekwenda chooni na kurudi, tena kwa siku chache tu. Nikakigonga mezani. Nikakivaa mimi, nikazunguka nyumba, kikahesabu bila kosa. Kizima kabisa.

Nilitegemea shemeji acheke kwa ushindi. Hakucheka. Alikaa akashika kichwa. "Shemeji," akaniambia, "kumbe mama kaisha, anatuficha tu."

Mjomba akatoa neno: korosho zikishauzwa, dada yake ahamie Nachingwea.

Jumamosi nikamfuata mama. Nilipotokea njiani nilisubiri nisikie habari za kuku, kama kawaida yake. Kimya. Alikuwa amekaa barazani, mikono mapajani, kandambili zake zimepangwa pembeni vizuri kama za mgeni. Nikamwamkia, akaitikia. Nikakaa chini.

"Labda ni kweli, mwanangu," akasema. "Labda nimechoka, ila sijijui tu. Mtu mzima anaweza asijijue."

Nimesema nina hasira za karibu. Siku ile zilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Kuhamishwa nyumba ni jambo moja. Lakini mwanamke aliyeniburuza kwenye mchanga ule mpaka nikaomba maji, leo anaitilia shaka miguu yake mwenyewe kwa sababu ya kidude cha ukubwa wa kiberiti! Nilikwenda Likunja siku ileile kwa baiskeli ya kuazima, nikamwomba mjomba wiki moja zaidi. Nikamwambia nitachukua likizo, nilale palepale kwa mama, nione kwa macho yangu.

"Wiki moja," mjomba akasema. "Na wewe Mngoni usirudi na ng'ombe wa watu."

Nilifika kwa mama na begi langu na vidude viwili, kimoja cha akiba. Nikampa kile chake jioni, kwa magoti na mikono miwili kama mara ya kwanza, akaingia nacho ndani kama mara ya kwanza. Alfajiri nilipoamka kwa adhana, uwanja ulikuwa umeshafagiwa. Mama alikuwa anatoka kisimani na ndoo kichwani. Aliweka ndoo, akawasha moto, akaenda kwa jirani kuomba chumvi, akarudi, akaenda tena kurudisha kibakuli, akarudi na habari. Nilikuwa bado natafuta mswaki. Nikajisemea, huyu ndiye anayekwenda chooni na kurudi?

Baada ya uji tukaenda shamba. Korosho zilikuwa zimeanguka, mabibo mekundu na ya manjano yametapakaa chini ya miti, harufu yake tamu inakufuata mpaka ndani ya nguo. Tulipofika kwenye mkorosho wa kwanza, mama alivua kanga yake ya juu. Akaikunja kwa uangalifu, akachagua tawi safi, akaitundika. Kisha akainama kuokota, na kikapu chake, huyo akaondoka mti hadi mti.

Mimi nilibaki nimesimama. Kwenye pindo la kanga ile palikuwa na fundo, lile fundo ambalo wanawake wa huku hufungia ugoro na hela ya chumvi. Lakini fundo hili lilikuwa na kona nne.

"Mama!" nikaita. "Kidude kiko wapi?"

Akanyoosha mgongo, akanielekeza tawini kwa kidole, na uso wake ulijaa fahari. "Kipo palepale. Salama kabisa. Hata jasho langu hakijalionja."

"Na wiki ile nyingine?"

"Palepale. Kila siku. Mtu nitaokotaje korosho na mali ya hospitali kiunoni? Mabibo haya yana maji, yanatia madoa. Ulisema kikiharibika utaulizwa wewe. Mie ningekubali mkwe wangu afukuzwe kazi kwa ajili ya jasho langu?"

Nikakaa chini palepale juu ya mabibo. Nilicheka na kulia pamoja, sikujua kipi kimeanza. Wiki nzima tulikuwa tumepima mkorosho! Na hata njiani, kikiwa kimelala ndani ya fundo badala ya kusimama wima, hakikuweza kuhesabu. Kikao kizima, mjomba na baiskeli yake, shemeji na kichwa chake mikononi, wote walikuwa wamehukumu mti, na mti kweli hautembei. Na mama alikuwa tayari kupoteza nyumba yake kwa kunilinda mimi, bila hata kujua kwamba ndicho alichokuwa akikifanya.

Nilipomweleza hakuelewa mara moja. Alipoelewa alijipiga paja, akaegemea mkorosho uleule, akacheka mpaka kilemba kikaanguka. "Mkorosho!" akawa anasema. "Mwanangu kataka kuhamishia mkorosho mjini!"

Nikainuka. Nikafungua lile fundo, nikatoa kidude, nikamsogelea.

"Mama," nikamwambia, "mkwe wako nimemwacha Nachingwea. Aliyekuja hapa ni Mngoni."

Akaona ninachotaka kufanya, akarudi nyuma hatua mbili huku amejishika kanga. Nikamshika kiuno. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile nikamshika mama mkwe wangu kiuno, nikakibana kidude juu ya fundo la kanga yake ya chini, wima, imara. Alipiga mayowe ya furaha yaliyosikika shamba la tatu: "Jamani! Wangoni wameniteka tena!" Majirani waliokuwa wakiokota korosho wakaitikia kwa vigelegele bila kujua ni vya nini.

Wiki ile nilikonda. Mama alikuwa ameingiwa na ari. Akikumbuka chumvi, anaifuata. Asipokumbuka kitu, anafuata habari. Kila jioni alinitaka nimsomee kioo, nami nikisoma anauliza, "Imepanda?" Nikimwambia imepanda analala usingizi wa mtoto. Miguu yangu mimi niliikanda kwa maji ya moto na chumvi gizani, ili asinione akapata la kusema.

Kikao kikakaa. Baiskeli ya mjomba ililia, chai ikawekwa, shemeji akafika na viatu vyake vya ngozi. Nikasimulia habari ya mkorosho. Mjomba alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Kisha nikaonyesha kioo cha wiki ya pili, tarakimu zimejaa toka ukuta mpaka ukuta.

Shemeji akakiangalia muda mrefu. "Mama ni yuleyule, kidude ni kilekile," akasema polepole. "Shemeji, wewe unampenda mama. Hukukitikisa kidogo?"

Nilikuwa nimeshainuka, na namshukuru mjomba aliyenishika kanga kwa nyuma, maana sijui ningefanya nini. Lakini mama hakukasirika hata kidogo. Aliingiza mkono kwenye begi langu, akatoa kile kidude cha akiba, akampa mwanawe.

"Vaa," akasema. "Twende shamba la mbali. Hapo tu."

Tukatoka wote wanne jua la asubuhi. Mama mbele, mkono mgongoni, kandambili zikikwangua mchanga. Shemeji nyuma yake, kidude kwenye mkanda chini ya kitambi. Mimi na mjomba tukafuata, mjomba akiisukuma baiskeli yake akidai ni ya kubebea korosho. Mwanzoni shemeji alikuwa na maneno, akituonyesha mipaka ya mashamba. Baadaye maneno yakapungua. Mchanga uliingia kwenye viatu vya ngozi, akavivua akavimimina, akavivaa, akavivua tena. Nusu ya njia, akaketi kwenye mzizi wa mkorosho, shati limemganda mgongoni.

Mama alikuwa ameshafika mbali. Aligeuka, akarudi. Akasimama mbele ya mwanawe, hana hata dalili ya kuhema.

"Nikubebe?" akauliza.

Mjomba akaanza kucheka, mama akamnyamazisha kwa mkono. Hakuwa anatania. "Nilishakubeba njia hii hii," akamwambia. "Ulikuwa na surua. Mvua inanyesha, nimekufunga mgongoni mpaka zahanati, na kurudi. Miguu ni hii hii, mwanangu. Sijaibadilisha."

Shemeji aliitazama ile miguu. Nadhani hakuwa ameitazama kwa miaka mingi. Ilikuwa imepasuka visigino, ina vumbi mpaka kwenye mashavu ya miguu, na kifundo kimoja kilikuwa kimevimba kidogo tangu siku ya kile chungu. Akajifuta uso kwa kiganja, jasho na kingine, akasema, "Mama, kaa kwako."

"Kikao kimekwisha," mjomba akasema, na akapanda baiskeli yake kwenda mbele kutuwekea madafu kwa mtu anayemfahamu.

Tulirudi jua limepinda. Kwenye chumba cha saruji cha Nachingwea alikuja kuhamia mpangaji, mwalimu mgeni kutoka Bukoba, na nasikia aliipenda sana ile feni. Lakini jioni ile ilibidi nikusanye mali ya hospitali. Shemeji akanirudishia chake bila kukiangalia kioo. Mama akajifungua mwenyewe kile cha kiunoni, akakifuta kwa pindo la kanga, na hakunipa haraka. Alikuwa amekizoea. Alikishika kiganjani akikiangalia.

"Sasa kikiondoka hiki," akauliza, "nani atakayenihesabu?"

Mume wangu hakuwepo. Shemeji ndiye aliyejibu, amekaa kwenye jamvi na miguu yake ndani ya beseni la maji.

"Mimi, mama."

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, shemeji alifunga duka. Alipotokea kwenye njia ya Mandawa mama alikuwa amesimama uwanjani, akamwangalia kuanzia kichwani mpaka chini, akaridhika. Mwanawe alikuwa amevaa kandambili.